Jicho na Kosa Lake

Katika viungo vyote alivyopewa mwanadamu hapana kinachoaminiwa kama jicho. Sikio hutiliwa shaka, ulimi huapishwa, mkono huchunguzwa. Lakini mtu akisema, "Nimeona kwa macho yangu," mabishano huelekea kwisha, na anayeendelea kubisha huhesabiwa mkaidi. Imani hiyo ina sababu zake njema. Hata hivyo ndani yake mna swali ambalo sikupata kuliuliza mpaka muhula huu, nami naliweka mbele ya wasomaji kwa kuwa limeniuma: je, jicho laweza kulijua kosa lake lenyewe? Na kama haliwezi, ni wajibu wa nani kuliambia?

Yamkini msomaji atashangaa kumwona mwalimu wa lugha akiingia katika kazi ya matabibu. Sikuingia kwa hiari. Nafundisha ushairi wa kale, na sehemu moja ya somo hilo ni kusoma nakala za miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa khati ya Kiarabu. Waijuao khati hiyo wanafahamu kuwa uhai wake u katika nukta. Mwanzoni na katikati ya neno, umbo la nuni na umbo la te ni moja: nukta moja juu ni nuni, nukta mbili ni te. Be na ye hutengana vivyo hivyo kwa nukta za chini. Ongeza nukta moja juu ya kila herufi, na "nena" itakuwa "teta". Ubeti uliokuwa wa nasaha utageuka kuwa wa ugomvi.

Darasani mwangu yumo kijana mmoja mwerevu wa kujadili, lakini alipopewa kusoma alikuwa mtu wa kubahatisha. Alifikicha macho, akainamisha kichwa upande, akasoma "teta" palipoandikwa "nena". Mara ya kwanza nilimsahihisha. Mara ya tatu nilimkaripia mbele ya wenzake, nikasema kwamba khati haijifunzwi kwa kulala. Akajibu kwa upole, "Samahani, Mwalimu, mimi naona nukta mbili." Darasa likacheka. Nami nilicheka pamoja nalo, na hilo ndilo linalonirudia usiku. Nilidhani ni mzaha wa mtu aliyekosa udhuru.

Wiki chache baadaye alikwenda hospitali ya macho, si kwa shauri langu bali kwa shauri la dada yake. Akarudi na karatasi yenye picha ya macho yake mawili, zilizopakwa rangi kama ramani ya milima: buluu na kijani penye tambarare, nyekundu palipoinuka. Katika kila jicho palikuwa na kilima chekundu chini kidogo ya katikati. Ugonjwa huo waitwa keratokonasi, yaani konea kudhoofika na kuchongoka mfano wa ile pia wachezayo watoto. Aonaye kwa konea iliyochongoka huweza kuona kitu kimoja kwa jicho moja kikiwa na kivuli chake kando, au kikiwa viwili. Kijana hakufanya mzaha. Alinipa taarifa sahihi kabisa ya kile alichokiona, naye alikuwa peke yake darasani mle aliyesema habari za jicho lake bila kuongeza wala kupunguza.

Nikaona ni deni langu kujua kipimo kile kilichosema kweli ambayo mimi sikuisikia.

Konea ni ule utando angavu wa mbele ya jicho, uliofunika mboni kama kioo kilivyofunika uso wa saa. Ni nyembamba, yapata nusu milimita katikati. Haina mshipa wa damu, na sehemu kubwa ya hewa yake huipata kutoka nje kwa njia ya machozi. Kwa wangavu wake hatuioni. Twatazama kwayo kama mtu atazamaye kupitia dirisha safi akasahau kuwa pana kioo. Lakini karibu theluthi mbili za kazi ya kuupinda mwanga ili ukutane nyuma ya jicho hufanywa na utando huo, na theluthi iliyobaki ndiyo ya lenzi iliyo ndani. Kwa hiyo mbinuko wake ukibadilika hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, mwenye jicho huanza kuonja ukungu.

Basi kitu kama hicho hupimwaje? Jicho la mtu aliye hai halivumilii rula. Waliotangulia katika elimu hii walishika jambo ambalo kila mama aliyemtazama mtoto wake kwa karibu amelipata kuliona, kwamba katika jicho la mwenzako mna sura yako ndogo. Wahenga walisema macho hayana pazia. Walakini yana kioo. Kioo kilichobinuka huonyesha sura ndogo, na kadiri kinavyozidi kubinuka ndivyo sura inavyozidi kudogoka. Padre Mjesuiti Christoph Scheiner, katika kitabu chake kiitwacho Oculus kilichotoka mwaka 1619, alieleza njia ambayo mtoto angeweza kuifahamu. Mtu huketishwa mkabala wa dirisha, na gololi za kioo za ukubwa mbalimbali hushikwa kando ya jicho lake. Dirisha dogo ling'aalo katika konea hulinganishwa na dirisha dogo ling'aalo katika gololi. Gololi ambayo dirisha lake litalingana na la jicho, mbinuko wake ndio mbinuko wa jicho.

Naipenda njia hiyo kuliko zote zilizofuata, ingawa yazidiwa nazo kwa usahihi. Ndani yake mna watu wawili na kitu cha tatu kinachojulikana. Anayepimwa haulizwi neno. Mpimaji naye hasemi kwa kukisia, maana mkononi mwake ana gololi ambayo ukubwa wake aujua.

Shida moja ilibaki. Jicho halitulii, hata mtu akikaza macho kwa nguvu zake zote, hutetema. Utapimaje sura ndogo inayocheza? Karibu na mwisho wa karne ya 18 fundi wa vyombo Jesse Ramsden, akifanya kazi pamoja na mpasuaji Everard Home huko Uingereza, alitumia shauri la ajabu: aliifanya sura moja ionekane mbili. Jicho likitetema, sura zote mbili hutetema pamoja kwa kiasi kimoja, na umbali kati yao haubadiliki. Mpimaji huzisogeza mpaka zikagusana ukingo kwa ukingo, kisha husoma hesabu. Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alikitengeneza chombo cha namna hiyo kwa ustadi zaidi katika miaka ya 1850, na mwaka 1881 Louis Émile Javal na Hjalmar Schiøtz wakaunda huko Paris kile kilichofaa kutumiwa na tabibu yeyote katika chumba chake. Keratomita za siku zetu ni wajukuu wa chombo hicho. Nilipokuwa nasoma habari hizi nilisimama kwenye neno "mbili". Wapimaji walikubali kuona viwili ili wajue kweli ya jicho. Kijana wangu aliona viwili, nami nikamwita mvivu.

Hapa yanipasa kujibu pingamizo ambalo msomaji mwangalifu amekwisha liona. Wamekuwako watu waliolijua kosa la jicho lao wenyewe bila kuambiwa na mtu. George Biddell Airy, mwanafalaki wa Uingereza, alitambua akiwa kijana kwamba jicho lake la kushoto halikuwa likimsaidia katika kusoma. Akaligundua kosa lake mwenyewe, akatengenezewa lenzi ya namna ya pekee mwaka 1825 kwa vipimo alivyovifanya yeye. Na kabla yake Thomas Young, mwaka 1801, alifanya lililo gumu zaidi: alilizamisha jicho lake katika maji, ndani ya kichombo kidogo chenye lenzi, ili nguvu ya konea ifutwe. Jicho lake lilikuwa na kosa la kupinda mwanga kwa kiasi kisicholingana pande zote. Alipoliweka majini, kosa lilibaki lilivyokuwa. Naye akahukumu kwa haki kwamba konea haikuwa na hatia, kosa lilikuwa ndani zaidi. Kipimo, ndugu msomaji, hakikuumbwa kwa kutia hatiani tu. Huachilia huru pia.

Je, watu hawa wawili hawabatilishi hoja yangu? Nilifikiri hivyo kwa siku kadhaa. Kisha nikauliza Airy alijuaje kuwa jicho la kushoto lina kosa, na jibu ni kwamba alikuwa na jicho la kulia lililoona vizuri zaidi, na alijua kwa yakini kwamba nyota na tundu la sindano katika karatasi ni nukta. Nukta ilipoonekana mstari, hakusema, "Kumbe nyota ni mistari." Young naye alikuwa na lenzi alizozijua kipimo na maji aliyoyajua tabia. Kila mmoja alishika kitu kilicho nje ya jicho ambacho unyofu wake ulikwisha thibitika, akalishtaki jicho lake kwa ushahidi wa kitu hicho. Jicho peke yake halikujishtaki. Nyani haoni kundule, hutwambia methali, na watu huitumia kwa kucheka wanafiki; lakini nyani huyo hana unafiki wowote. Ameumbwa hivyo, na hawezi kugeuka.

Sasa mrudishe kijana wangu mahali hapa. Macho yake yote mawili yalikuwa yamechongoka, kwa hiyo hakuwa na jicho jema la kulinganisha. Tena alikuwa mwanafunzi wa khati: hakujua bado ni wapi pana nukta moja na wapi pana mbili, maana ndicho alichokuja kujifunza. Nyota ya Airy ilikuwa nukta kwa kila mtu. Nukta ya mswada ilikuwa moja kwangu mimi tu. Katika chumba kile gololi yenye ukubwa unaojulikana ilikuwa mkononi mwangu. Ningaliweza kuiweka kando ya jicho lake na kusema, "Hapa pana nukta moja, wewe waziona ngapi, na zimekaaje?" Badala yake niliichukua nikamrushia.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, amenitetea. Asema mwalimu si tabibu. Alihukumu kwa yale yaliyomdhihirikia, na asiyejua hana dhambi. Hoja hiyo ni ya heshima na imewaliwaza wengi. Ningeikubali kama nisingeambiwa. Kutojua kwangu kulikwisha pale kijana alipofungua kinywa akasema nukta ni mbili. Toka hapo sikuwa tena mtu asiyejua, nilikuwa mtu asiyesadiki. Na sikusadiki kwa sababu gani? Kwa sababu macho yangu yaliona moja. Niliyafanya macho yangu kuwa mizani ya macho ya mwingine, bila hata kujua yamebinuka kiasi gani, maana mpaka siku ile hayakuwa yamepimwa kamwe.

Lakini nisije nikaonekana nasema kwamba namba ni bora kuliko neno la mtu. Jambo hili lina upande wa pili, nao si mwepesi. Miaka miwili iliyopita kijana yule alikuwa amepimwa mahali fulani kwa keratomita, akapewa miwani, akaambiwa hana tatizo kubwa. Sisemi aliyempima alikosa. Yawezekana ugonjwa ulikuwa bado mchanga. Lakini yafaa tujue keratomita husema nini na hunyamazia nini. Haipimi konea nzima. Hupima mwakiso wa mwanga kwenye duara dogo la katikati, lenye upana upatao milimita 3, katika mielekeo miwili iliyokingamana, na kwa yaliyobaki hudhania kwamba umbo laendelea kwa utaratibu. Kilima kikiwa kando ya duara hilo, namba zaweza kutoka njema. Hata namba yenyewe ina mapatano ndani yake. Chombo huona mbinuko kwa milimita. Konea ya kawaida ina nusu kipenyo kipatacho milimita 7.8. Ili kuugeuza mbinuko kuwa nguvu ya kupinda mwanga, ihesabiwayo kwa dayopta, hutumiwa kadirio la 1.3375, ambalo si la konea yenyewe, kwani la konea ni kubwa zaidi. Liliteuliwa ili kufidia uso wa nyuma ambao chombo hakiufikii, na lina uzuri wa kufanya milimita 7.5 ziwe dayopta 45 kamili. Hapana udanganyifu katika hilo. Ni mapatano ya watu waungwana. Ila mgonjwa akikabidhiwa karatasi iliyoandikwa 45, hadhani kuwa amekabidhiwa mapatano.

Aliyeitambua kasoro hiyo mapema ni Mreno Antonio Plácido. Mwaka 1880 alichukua kisahani kilichochorwa duara nyeusi na nyeupe, moja ndani ya nyingine, chenye tundu katikati, akachungulia kupitia tunduni duara zile zikiakisiwa katika konea. Konea njema huzirudisha mviringo. Konea iliyochongoka huzirudisha zimebanana upande mmoja na kutanuka upande mwingine, kama yai. Hapana namba. Mtazamaji huona umbo zima kwa mara moja. Ile ramani ya rangi aliyoniletea kijana ni duara za Plácido zilizohesabiwa kwa kompyuta, na nyingine za siku hizi hupima hata ule uso wa nyuma.

Nasi walimu tunao mtihani wetu, unaopima duara la katikati kwa saa tatu. Nalitaja hili kwa kupita tu.

Kwa upande mwingine, ni kosa vilevile kudhani kwamba neno la anayeona latosha. Kijana wangu, alipoulizwa na dada yake miaka yote hiyo kama anaona vizuri, alijibu ndiyo, na hakusema uongo. Hakuwahi kuwa na macho mengine. Na siku Harold Ridley alipompasua mgonjwa huko London mwaka 1949 na kumwekea, mara ya kwanza katika historia, lenzi ya bandia mahali pa ile iliyofunikwa na mtoto wa jicho, operesheni ilikuwa ya ushujaa, lakini nguvu ya lenzi haikuwa sawa na mgonjwa akabaki na kosa kubwa la kuona. Leo mzee hawekewi lenzi mpaka mbinuko wa konea na urefu wa jicho vimepimwa, kwa kuwa kosa la dayopta moja katika kuupima mbinuko huleta kosa la karibu dayopta moja katika kuona kwake hadi mwisho wa maisha, isipokuwa avae miwani. Ushujaa wa mkono haukutosha. Wala mzee, hata angekuwa mkweli namna gani, asingeweza kuutaja mbinuko wa konea yake. Chombo hutoa namba pasipo kuuliza. Kisha tabibu aliye mwema huweka lenzi mbele ya jicho akauliza, "Hii, au hii?" na kungoja jibu. Nimeyaona mambo hayo mawili yakifanywa katika chumba kimoja, na mpimaji hakuona la kwanza linamtosha kuacha la pili.

Javal, yule aliyeunda chombo cha 1881, alipofuka. Glakoma ilimnyima macho yote mawili, na mwaka 1903 alitoa kitabu cha kuwashauri vipofu wenzake namna ya kuishi. Glakoma huharibu mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho; keratomita hutazama mbele. Chombo chake mwenyewe kingempima mpaka siku ya mwisho na kumtolea namba.

Kijana amepangiwa matibabu. Konea zake zitatonewa dawa ya vitamini B2 na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, ili nyuzi zake zikazane na kilima kisiendelee kupanda. Njia hiyo ilitangazwa na matabibu wa Ujerumani mwaka 2003 na imeenea tangu hapo. Huzuia, aghalabu hairudishi kilichokwisha potea. Baadaye atapewa lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho, ambazo kwa kuwa umbo lake ni jema humsitiri mwenye umbo lililoharibika. Ameonywa asifikiche macho. Ugonjwa huu huanza aghalabu katika ujana na hupanda upesi zaidi katika umri huo, hivyo kila mwezi una thamani yake. Na kati ya siku aliyosema nukta ni mbili na siku aliyokwenda hospitali zilipita wiki saba. Nimezihesabu.

Nilimwita chumbani kwangu nikafunga mlango, nikamwomba radhi. Nilisema yote niliyoyaandika hapa, na mengine ambayo sikuweza kuyaandika. Alinisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama alivyozoea, na safari hii nilijua kwa nini. Nilipokwisha alisema, "Nimekwisha kusamehe, Mwalimu." Akasimama, akachukua mkoba wake, akafika mlangoni. Kisha akasema, si kwa hasira, "Ila wenzangu hawakuwako hapa."

Kipindi chetu kijacho ni Jumanne.